Makaa Si Majivu
Mafundisho juu ya pumzi, misuli na nguvu za uzeeni

Leo nataka tujifunze pamoja jambo moja juu ya mwili ambao Mungu ametupa. Nitaanza na swali la mzee mmoja wa Ariwara. Aliniuliza asubuhi moja barazani, nilipokuwa nikipima watu tansio, maana yake nguvu ya damu inavyosukuma katika mishipa.

Mzee huyu ni mfanyabiashara, na duka lake li karibu na soko. Zamani alikuwa mtu wa miguu. Alilima, alifuata ng'ombe, alipanda kinga yake hata mpakani mwa Uganda, akarudi na sabuni na chumvi. Kisha biashara ikakua, akanunua pikipiki. Siku moja alipimwa, ikaonekana tansio yake imepanda sana. Akapewa dawa, akaambiwa apunguze chumvi, tena apumzike. Neno lile la kupumzika alilishika kupita mengine yote. Tangu siku ile akawa mtu wa kiti. Asubuhi kitini mlangoni mwa duka, mchana kitini chini ya mwembe, jioni kitini nyumbani. Hata kanisani, mwendo wa dakika 10 tu kwa miguu, alipelekwa kwa pikipiki.

Mwaka ukapita. Miguu yake ikawa myembamba, tumbo likawa kubwa, na tansio haikushuka vizuri. Siku moja alijaribu kupanda kilima kidogo nyuma ya nyumba yake. Moyo ukapiga, pumzi ikawa fupi, mapaja yakawaka kama moto. Akarudi kitini kwa hofu.

"Muganga," akaniambia, "mjukuu wangu anayesoma sekondari amenionyesha daftari lake. Anasema mtu akifanya kazi ya nguvu, misuli inatoa asidi yenye jina la lakteti, nayo ndiyo sumu ya uchovu. Mimi ni mzee na mgonjwa, sitaki sumu katika damu yangu. Lakini mwezi uliopita mjukuu wangu mdogo alihara sana, nanyi mkamtundikia chupa ya serumu. Nikasoma maandishi ya chupa: Ringer lakteti. Mmoja ananiambia ni sumu, na ninyi mnaitia katika mshipa wa mtoto. Nani anasema kweli?"

Nilifurahi, maana lile ni swali la mtu mwenye akili. Nikamwambia, "Mzee, ukae nikueleze." Kisha nikajirudi. "Hapana, usikae! Simama, twende tukitembea polepole, nami nitakueleza njiani."

Kuni, makaa na majivu

Tulipofika barabarani tulimwona kijana akisukuma kinga iliyobeba magunia ya makaa. Alitoka porini kuyauza sokoni, na jasho lilimtoka.

Nikamwuliza mzee, "Makaa yale yametoka wapi?"

"Ni mti."

"Mti ulioungua ukaisha?"

"Hapana. Wanafunika moto kwa udongo, hewa inakuwa haba, mti unaungua nusu tu. Nguvu ya moto imebaki ndani."

"Basi makaa ni takataka?"

Mzee akacheka. "Takataka namna gani? Wamama wa mji mzima wanayanunua."

"Vizuri," nikasema. "Lakteti ni makaa. Mjukuu wako amefundishwa kwamba ni majivu. Lakini makaa si majivu."

Sikilizeni sasa, ndugu zangu, namna mwili unavyofanya. Ugali wa muhogo, viazi, ndizi na mahindi tunavyokula vinageuka kuwa sukari katika damu. Damu inapeleka sukari hiyo kwa chembe hai za misuli. Chembe inaivunja kwa hatua mbili.

Hatua ya kwanza ni ya haraka, nayo haihitaji hewa. Sukari inavunjwa vipande viwili, na chembe inapata nguvu kidogo, kama vipimo 2 tu. Hatua ya pili inahitaji ile hewa njema tunayoivuta kwa mapafu. Inafanyika ndani ya vijumba vidogo sana, ambavyo haviwezi kuonekana kwa macho. Jina lake ni mitokondria. Mimi nayaita mafiga ya mwili. Hapo vile vipande vinachomwa hata mwisho. Vinabaki maji, na ile hewa chafu tunayoitoa tunapopumua. Kwa hatua zote mbili, sukari ileile inatoa vipimo karibu 30 vya nguvu. Mnaona tofauti yake!

Basi mtu akiongeza mwendo, kama kijana yule alipopandisha kinga yake kilimani, hatua ya kwanza inakwenda mbio kupita hatua ya pili. Vipande vinazidi kazi ya mafiga. Vile vilivyozidi vinageuzwa kuwa lakteti na kuingia katika damu. Je, vinatupwa? Hata kidogo. Damu inavichukua kama yule kijana anavyochukua magunia, na kuvipeleka kwenye mafiga ya mahali pengine. Moyo unavipenda sana na kuvichoma. Misuli mingine isiyofanya kazi ngumu inavichoma. Hata ubongo unavitumia. Vingine vinafika katika ini, nalo linavigeuza tena kuwa sukari.

Kila mfano una mwisho wake, na huu pia. Makaa yanatengenezwa mahali penye hewa haba, lakini mwili unatengeneza lakteti kila saa, hata tukilala, hata hewa ikiwa ya kutosha. Chembe nyekundu za damu hazina mafiga kabisa. Zinabeba hewa kwa ajili ya wengine wala hazili hewa hiyo, kama mbeba mikate mwaminifu asiyemega mkate wa bwana wake. Kwa hiyo zinaishi kwa hatua ya kwanza tu, na kutoa lakteti siku zote. Mtu mzima aliyetulia ana lakteti kama milimoli 1 katika lita ya damu. Akikimbia kwa nguvu zake zote inaweza kupita 10. Akipumzika, karibu saa moja baadaye imerudi mahali pake.

Waganga nao hujifunza

"Lakini," mzee akauliza, "daftari la mtoto limedanganya?"

Halikudanganya kwa makusudi. Limeandika yale ambayo waalimu wenyewe waliyaamini kwa miaka mingi. Mwaka 1807 Berzelius, mtu wa elimu wa Sweden, aliona asidi hii katika nyama ya wanyama waliokuwa wamekimbizwa na wawindaji. Baadaye Archibald Hill wa Uingereza na Otto Meyerhof wa Ujerumani walichunguza misuli ya vyura, wakapewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1922. Katika misuli iliyokatwa kutoka mwilini, ilionekana kwamba kadiri inavyochoka lakteti inazidi. Watu wakasema, basi hii ndiyo inayochosha. Lakini fikirini: misuli iliyokatwa haina damu ya kuchukua makaa kuyapeleka kwingine. Ni kama mchoma makaa aliyefungiwa njia ya soko. Magunia yatajaa kwake, wala si kosa la makaa.

Tangu miaka ya 1980, George Brooks wa California na wenzake walionyesha kwamba lakteti inasafiri kutoka chembe hata chembe kuwa chakula cha moto. Tena, kabla yake, mwaka 1932, daktari wa watoto Alexis Hartmann, katika mji wa St. Louis huko Marekani, aliongeza lakteti katika maji ya chumvi ya Ringer. Aliona kwamba ini likiichoma lakteti hiyo, ukali wa asidi katika damu ya mtoto mgonjwa unapungua. Ndiyo serumu ile tunayowapa wenye kuhara sana, wenye kipindupindu, waliochomwa na moto, na mama aliyetokwa na damu nyingi. Basi mjukuu mdogo hakutiwa sumu. Alitiwa maji, chumvi na makaa mema.

Na je, ule moto wa mapaja? Ni ishara kwamba kazi imepita uwezo wa mafiga uliyo nayo sasa. Ukipunguza mwendo, unapita. Na maumivu ya misuli ya kesho yake na kesho kutwa, baada ya kulima kwa mara ya kwanza katika msimu? Hayo si lakteti, maana lakteti ilikwisha ondoka jana yake. Ni mikwaruzo midogo katika nyuzi za misuli, nayo inapona na kuifanya misuli iwe imara zaidi. Usiogope, wala usikimbilie sindano.

Mafiga yanajengwa, tena yanabomoka

Hapa ndipo penye neno kubwa la leo. Mafiga ya mwili hayana hesabu moja isiyobadilika. Kila mmoja wetu alirithi mbegu ya mafiga yake kutoka kwa mama yake, si kwa baba. Lakini kama yatakuwa mengi au machache, hiyo inafuata kazi tunayoyapa.

Mwaka 1967, katika mji uleule wa St. Louis, daktari John Holloszy alitangaza habari za panya aliowakimbiza kwa majuma mengi. Uwezo wa mafiga katika misuli yao ya miguu uliongezeka karibu mara mbili kupita panya waliokaa tu. Baadaye jambo hilo lilionekana kwa wanadamu pia. Misuli ikidaiwa nguvu mara kwa mara, inajenga mafiga mapya na kuondoa yale yaliyopasuka. Isipodaiwa kitu, inayaacha yapungue, kama mama anavyoacha kufagia jiko asilolipikia.

Sikilizeni sasa habari za kitanda. Mwaka 1966, huko Dallas katika Marekani, vijana 5 wenye afya, wa umri wa miaka kama 20, walikubali kulala kitandani majuma matatu bila kutembea. Mmoja wa madaktari waliowapima alikuwa Bengt Saltin wa Sweden. Walipoinuka, uwezo wa mwili wao wa kutumia hewa ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye watu walewale 5 walipimwa tena. Walikuwa wamepata miaka 50, wengine na matumbo. Ilionekana kwamba majuma yale matatu ya kitanda yaliwashusha kupita miaka 30 ya kuzeeka! Ndipo wakapewa mazoezi ya polepole kwa miezi sita, na nguvu ya pumzi waliyokuwa wameipoteza kwa uzee ikarudi.

Mzee aliposikia hayo alisimama barabarani. "Majuma matatu tu?" akasema. "Mimi nimekaa mwaka."

"Ndiyo, mzee. Lakini sikiliza mwisho wa habari: ilirudi."

Yule daktari Saltin alikwenda Kenya mwaka 1990, katika nchi ya juu ya Iten, kuwapima wakimbiaji. Aliona kwamba kwa mwendo uleule damu yao ilikuwa na lakteti kidogo kupita ya wakimbiaji wa Ulaya. Si kwamba hawakutengeneza makaa. Mafiga yao yalikuwa tayari kuyapokea na kuyachoma. Tena aliona kwamba watoto wa huko waliokwenda kwa miguu na kufanya kazi za nyumbani walikuwa na pumzi kupita wenzao waliokaa, ingawa hakuna aliyewafundisha mchezo wowote. Mafiga yao yalijengwa na njia ya shule, maji na ng'ombe.

Maisha marefu

Mtaniuliza, "Je, kuwa na pumzi kunamwongezea mtu siku?" Nitawapa mashahidi wawili, kama sheria inavyotaka.

Shahidi wa kwanza yuko London. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alitangaza habari za watu wa mabasi ya ghorofa. Katika kila basi walikuwa wawili: dereva aliyekaa kutwa, na mkata tiketi aliyepanda na kushuka ngazi kutwa. Walikaa mji mmoja, walilipwa na kampuni moja. Lakini ugonjwa wa mishipa ya moyo uliwapata madereva kupita wakata tiketi, na uliwaua mapema zaidi.

Shahidi wa pili yuko Tanzania, karibu na ziwa Eyasi. Wahadza wa huko bado wanawinda, wanachimba mizizi na kutafuta asali. Wachunguzi waliwafunga vyombo vya kupima mapigo ya moyo, wakatangaza mwaka 2017 kwamba kwa wastani Wahadza wanafanya kazi ya kutoa pumzi dakika 135 kila siku. Hata wazee wao hawaachi kutembea na kuchimba. Na dalili za ugonjwa wa moyo, kama tansio ya juu, ni chache kwao.

Sababu yake sasa mnaielewa. Mwenye mafiga mengi anachoma sukari na mafuta vizuri, hayabaki kuziba mishipa na kuleta ugonjwa wa sukari. Moyo wake unasukuma bila kuhangaika. Akipatwa na homa au upasuaji, ana akiba ya nguvu. Na akizeeka anaweza bado kujinyanyulia bidoni, kuinuka choo, kwenda kwa jirani, bila kumsumbua mkwe wake. Kuongezewa miaka ni kitu kimoja. Kuongezewa miaka ya kusimama kwa miguu yako ni baraka nyingine.

Nani achukue bidoni?

Hapa sina budi kusema neno gumu kidogo. Siku hizi tunao watu wa namna mbili katika nyumba moja. Yuko mtu anayeamka kabla ya jogoo, anachota maji, anakata kuni, analima na mtoto mgongoni, anapika, analala wa mwisho. Yuko na mtu anayekaa kitini, anayekwenda sokoni kwa pikipiki, na jioni anasema amechoka. Sitaki kutaja nani ni nani.

Kwa yule wa kwanza, sina mazoezi ya kumwongezea. Mafiga yake ni mengi, lakini kuni zimekwisha. Yeye anahitaji chakula, hasa maharagwe, samaki, mayai, sombe na karanga, tena usingizi. Eliya alipochoka chini ya mti, Mungu hakumwambia kwanza afanye bidii. Alimlaza usingizi, akamlisha mara mbili, ndipo akampa safari (1 Wafalme 19). Na ndugu zetu waliotembea njia ndefu kwa kukimbia vita katika Ituri hii, wenye njaa na hofu, mwendo ule siuiti mazoezi. Uliwala nguvu zao, haukuzijenga. Tuwakaribishe, tuwape kiti.

Kwa yule wa pili, dawa yake iko mikononi mwa mkewe. Ni bidoni ya maji. Baba, ichukue! Usione haya mbele ya watu. Bwana wetu alizunguka Galilaya yote kwa miguu, akashika beseni na kitambaa, akaosha miguu ya wanafunzi wake. Wewe ni mkubwa kumpita?

Namna ya kuanza

1. Kwanza pimwa tansio. Kama iko juu sana, dawa ianze kuishusha, kisha utembee. Usiache dawa kwa sababu umeanza kutembea. Miguu na vidonge ni ndugu, si adui.

2. Anza na kidogo. Dakika 10 kwa siku katika juma la kwanza, kisha ongeza. Shirika la Afya la Dunia, mwaka 2020, lilishauri kila mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kila juma. Dakika 30 kwa siku 5 zinatosha kuanzia. Kupanda kinga, kulima na kusukuma toroli kunahesabiwa pia.

3. Utajuaje mwendo wa wastani? Hamhitaji chombo. Mnajua kuimba. Ukiweza kuimba wimbo mzima wa kwaya bila kukatika, unakwenda polepole mno. Ukiweza kuongea na mwenzako, lakini wimbo unakatika katikati ya mstari, hapo ndipo pazuri: makaa yanatengenezwa na mafiga yanayachoma. Ukishindwa hata kusema jina lako, makaa yamezidi mafiga. Punguza.

4. Baada ya majuma machache, siku moja au mbili katika juma, ongeza mwendo kwa dakika moja au mbili kilimani, kisha pungua, kisha ongeza tena. Mafiga yanajengwa vizuri yakidaiwa zaidi kidogo ya yale yaliyozoea. Lakini mwenye ugonjwa wa moyo asifanye hivyo bila kumwuliza muganga.

5. Mara mbili kwa juma fanya kazi ya kutia misuli nguvu: kuinua mzigo, kupasua kuni, au kuinuka kitini mara 10 bila kushika kitu. Misuli ndiyo nyumba ya mafiga. Nyumba ikianguka, mafiga yatakaa wapi?

6. Usikae kitini saa nyingi mfululizo. Mwenye duka asimame, apange bidhaa zake, azunguke kuwasalimu majirani. Mshonaji ainuke kila saa.

7. Sigara na pombe si rafiki za pumzi. Hilo mmelisikia mara nyingi, nami narudia.

Lakteti inapokuwa kengele ya hatari

Nimesema lakteti si sumu. Lakini moshi mwingi juu ya nyumba unaonyesha kuna jambo, hata kama moto ni mwema jikoni. Mtu akiwa ametulia, hafanyi kazi yoyote, na lakteti yake inapanda, hiyo ni kengele. Damu haifiki vizuri kwenye chembe zake, au ini limeshindwa kuichoma.

Ndivyo inavyokuwa katika malaria kali. Wadudu wa malaria wanaziba mishipa midogo, damu inapungua, lakteti na asidi zinajaa. Mtoto anaanza kuvuta pumzi ndefu na nzito, kama aliyekimbia, ingawa amelala mkekani. Mama, ukiona mtoto mwenye homa anapumua hivyo, au haamki vizuri, au ana degedege, au hawezi kunyonya wala kunywa, usingoje asubuhi. Usiende kwanza kwa mwenye mizizi. Mlete hospitali saa ileile. Hapa pikipiki ni zawadi ya Mungu, itumieni!

Na mtu mzima akisikia kifua kinambana katika mwendo, au akizimia, au mdomo ukipinda na mkono mmoja ukilegea, au pumzi ikikatika akiwa amekaa tu, asiendelee kutembea. Aletwe mara moja.

Neno la mwisho

Mwaka 2023, tarehe 8 Oktoba, Kelvin Kiptum wa Kenya alikimbia mbio ndefu za Chicago, kilomita 42 na kidogo, kwa saa 2 na sekunde 35. Katika mashindano rasmi hakuna mtu aliyekuwa amekwenda upesi hivyo kabla yake. Mafiga yake yalikuwa ya ajabu. Miezi minne baadaye, Februari 2024, alikufa katika ajali ya gari huko Kenya, akiwa na miaka 24. Tulilia pamoja na Wakenya. Basi asiwepo mtu wa kufikiri kwamba miguu yake itamnunulia siku moja. Siku zetu zimo mkononi mwa Bwana.

Paulo alimwandikia Timoteo kwamba kuuzoeza mwili kuna faida kidogo, na utauwa una faida ya sasa na ya milele (1 Timotheo 4). Wengine wanashika neno hilo wapate kukaa kitini. Lakini alisema kidogo, hakusema hakuna. Hicho kidogo Mungu amekupa ukitunze, kwa maana kazi yake inahitaji miguu. Nani atamtembelea mjane? Nani atapeleka Injili kijiji cha pili? Kalebu alikuwa na miaka 85 alipomwomba Yoshua ampe nchi ya vilima, wala hakuomba kiti (Yoshua 14).

Na mzee wetu? Siku ile alitembea nami mpaka mwisho wa soko, tukarudi. Kesho yake alitembea peke yake. Sasa ni miezi mingi. Dawa yake anakunywa bado, na tansio yake inashuka vizuri kupita zamani. Kanisani anakuja kwa miguu, mapema, na njiani anawapitia wazee wenzake wawili. Siku moja nilimkuta anasukuma kinga yenye bidoni tatu za maji, na mkewe anatembea nyuma mikono mitupu, anacheka.

Nikamwuliza, "Mzee, namna gani?"

Alikuwa akitweta kidogo. Akasema, "Muganga, nachoma makaa."

Bwana awabariki, awape pumzi ya kumtumikia. Amina.